Kiduara Nilichokiacha Wazi

Kalamu ilikuwa nyeusi. Nilikuwa nimeshaitumia mara tatu bila kusita, na nilipofika nafasi ya nne nikainua mkono, kalamu ikabaki hewani.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 7 Novemba 2017, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye ukumbi wa michezo wa shule moja mjini Newport News, Virginia. Nilikuwa natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, sare bado mwilini, miguu imevimba. Hiyo ilikuwa kura yangu ya kwanza Marekani. Niliingia nchini mwaka 2011 kwa ile bahati nasibu ya viza, nikabeba boksi kama wenzangu, na kiapo cha uraia nikala Norfolk miezi mitano kabla ya asubuhi hiyo.

Karatasi ya kura ya hapa huiwekei alama ya vema kama ya kwetu Tanzania. Kando ya kila jina kuna kiduara chenye umbo la yai, unakijaza wino mpaka weupe wote uishe. Gavana: nikajaza. Naibu wa gavana: nikajaza. Mwanasheria mkuu wa jimbo: nikajaza. Chini yake pakaandikwa Baraza la Wajumbe, eneo la 94, na majina matatu. Sikumjua hata mmoja.

Vyama vyao vilikuwa vimeandikwa pale pale. Ningeweza kufuata chama nikaenda zangu. Lakini marehemu baba alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, na sisi watoto wake alitulea kwa neno moja: usitie mkono kwenye karatasi usiyoijua. Nikaona kumchagua mtu nisiyemjua ni kusema uongo kwa wino. Nikaipita nafasi ile. Nikapeleka karatasi kwenye mashine, ikaimeza kimya, dada mmoja akanipa stika ya kuonyesha nimepiga kura, nikaibandika juu ya kitambulisho cha kazi. Nje, kwenye maegesho, nilijipiga picha nikamtumia mama Tanga.

Wiki sita baadaye kiti hicho hicho nilichokiruka kilikuwa na kura 11,608 kwa mgombea mmoja na 11,608 kwa mwenzake.

Naomba nieleze kidogo kwa walio mbali, kwa sababu hata sisi tunaoishi hapa tunalikosea jambo hili. Virginia ni jimbo, lakini si jimbo la uchaguzi kama Bumbuli au Kisauni. Ni kama nchi ndogo ndani ya nchi. Lina bunge lake Richmond, mji wake mkuu, lenye Seneti ya watu 40 na Baraza la Wajumbe la watu 100. Wajumbe huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, tena katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, wakati kelele za urais zimetulia. Hao ndio wanaotunga sheria za shule, za mpangaji na mwenye nyumba, za adhabu mahakamani, za bima ya afya ya watu wa kipato kidogo. Hata mipaka ya maeneo ya uchaguzi, wakati ule, waliichora wao. Ukipimia maisha ya mtu wa kawaida siku kwa siku, mjumbe wa Richmond yuko karibu na sufuria yako kuliko rais.

Mimi hilo sikulijua, na nilikuwa nimesoma. Mtihani wa uraia wakati ule ulikuwa na maswali 100 ya kujiandaa, uliulizwa 10, ukipata 6 umefaulu. Niliyakariri nikiwa nakunja mashuka. Gavana wako ni nani? Mji mkuu wa jimbo lako? Taja seneta mmoja. Taja mwakilishi wako kule Washington. Hakuna swali hata moja lililoniuliza mjumbe wangu wa Richmond ni nani. Nikafaulu, nikafunga kitabu.

Tena vuli ile macho yetu yalikuwa Nairobi. Kazini tulikuwa Waswahili watano, watatu kati yao Wakenya, na Mahakama ya Juu ya Kenya ilikuwa imefuta matokeo ya urais tarehe 1 Septemba. Uchaguzi wa marudio ukafanyika tarehe 26 Oktoba. Chumba cha mapumziko kilikuwa bunge. Simu zimeegemezwa kwenye vikombe vya chai, huyu anasoma hukumu, yule anabisha. Mimi Mtanzania ningeweza kukueleza majaji wa Nairobi waligawanyika vipi. Mjumbe wa eneo ninalolala, David Yancey wa Chama cha Republican, alikuwa amekalia kiti hicho tangu Januari 2012, na nisingemtambua akipita mbele yangu dukani. Mpinzani wake mkuu, Shelly Simonds wa Democratic, alikuwa mjumbe wa bodi ya shule za mji wetu, yaani alikuwa na sauti kwenye shule ya binti yangu. Naye sikumjua.

Na mlango wangu ulibishwa. Oktoba, jioni moja, hodi ya watu wasiosema hodi: ngo ngo ngo. Nikachungulia kwenye kitundu, nikaona mtu amebeba ubao wa kuandikia na karatasi. Kwenye majengo yetu mgeni mwenye karatasi ni mtu wa madeni. Binti yangu, wakati huo ana miaka 11, akauliza, "Mama, mbona hufungui?" Nikamwekea kidole mdomoni. Tukasimama sote wawili tumebana pumzi mpaka hatua zikaisha kwenye ngazi. Alituachia kipeperushi chenye picha, karatasi nzuri, nzito. Usiku ule nilikitandika mezani nikaweka juu yake sufuria ya maharage. Mpaka leo siwezi kukumbuka ilikuwa picha ya nani.

Wa kwanza kuniuliza alikuwa bibi mmoja niliyekuwa namhudumia, Mmarekani Mweusi, amepita miaka 80, mzaliwa wa hapa hapa kwenye rasi. Aliona stika kifuani siku ileile jioni, akafurahi kama nimeolewa. Akataka nimsimulie kila kitu, foleni, karatasi, kalamu. Kisha akauliza, "Na yule wa Richmond, ulimpa nani?"

"Nilimruka, Bibi. Sikumjua."

Hakunigombeza. Alinyamaza, halafu akaanza kunihadithia alipokuwa kijana, akichambua kaa kwenye kiwanda Hampton. Wakati ule Virginia ilikuwa na kodi ya kichwa ya kupigia kura: dola moja na nusu kwa mwaka, na mtu aliyechelewa kuingia daftarini alitakiwa kulipa miaka mitatu kwa pamoja, miezi sita kabla ya uchaguzi. Katiba ya jimbo ya mwaka 1902 ndiyo iliyoiweka, kusudi watu kama yeye washindwe, na ilikaa mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta mwaka 1966. Alilipa. Risiti alizihifadhi ndani ya Biblia, maana ukipoteza risiti ulirudishwa mlangoni. Alipomaliza aligeuza uso dirishani akaniomba nimchane nywele. Nilimchana taratibu, sikupata la kusema. Usiku niliibandua ile stika.

Sasa hesabu. Kabla ya uchaguzi ule, Republican walikuwa na viti 66 kati ya 100, Democratic 34. Wachache walitazamia mabadiliko makubwa. Asubuhi ya Jumatano tuliamka tukakuta Democratic wamepata 49, wamenyakua viti 15 kwa mkupuo. Kilichobaki kuamua nani ashike baraza ni maeneo machache yenye tofauti ndogo, na dogo kuliko yote lilikuwa letu. Yancey alitangazwa mbele kwa kura 10. Simonds akaomba zihesabiwe upya, haki anayopewa na sheria tofauti ikiwa ndogo hivyo.

Zilihesabiwa tarehe 19 Desemba. Jambo moja lililosaidia ni kwamba Septemba mwaka huo jimbo lilikuwa limepiga marufuku mashine za kugusa kioo, kwa hiyo kila kura ilikuwa na karatasi yake ya kushikwa mkononi. Jioni redio ya garini ikatangaza: Simonds 11,608, Yancey 11,607. Kura moja. Ina maana baraza zima, 50 kwa 50. Nilipaki pembeni ya barabara ya Jefferson nikazima injini.

Kesho yake ikageuka tena. Mmoja wa waliohesabu, wa upande wa Republican, aliandika barua kusema kuna karatasi moja iliyowekwa kando wakati ilistahili kuhesabiwa. Majaji watatu wakakaa juu ya karatasi hiyo moja. Picha yake ilitoka kwenye magazeti, na niliikuza kwenye simu mpaka ikawa madoa. Mpiga kura alikuwa amejaza kiduara cha Simonds na kiduara cha Yancey vyote viwili, halafu akapiga mstari mfupi wa mshazari juu ya kile cha Simonds. Kwenye nafasi nyingine alichagua watu wa Republican. Majaji wakaamua kwamba nia yake ilikuwa Yancey. Ikawa 11,608 kwa 11,608.

Watu walibishana sana kuhusu mstari ule, na bado nadhani wenye akili wanaweza kutofautiana. Mimi nilichokuwa naona ni kitu kingine. Mtu yule alikosea, akajaribu kujirekebisha, na mahakama ikamtafutia nia yake kwa saa kadhaa, wanasheria wamejaa, nchi nzima inatazama. Mimi niliacha viduara vyote vitupu, karatasi safi isiyo na doa, na hapakuwa na jaji wala mwanasheria wa kuuliza nilitaka nini. Hawakuwa na cha kuuliza. Ningejaza kimoja kati ya vile viwili, chochote, pasingekuwa na sare. Sisemi ningempa nani, maana asubuhi ile kweli sikujua. Na hapo ndipo niliposhikwa: nilijiona nimekuwa mwaminifu kwa kutotia mkono kwenye nisichokijua, kumbe baba hakuishia hapo. Yeye alipoletewa karatasi asiyoijua aliisoma. Alikuwa anarudi nazo nyumbani, anawasha kandili. Mimi nilichukua nusu ya malezi yake, ile nusu nyepesi.

Sheria ya Virginia inasema sare ikitokea ipigwe kura ya kuchota. Tarehe 4 Januari 2018 Newport News ilikuwa imefunikwa. Dhoruba ya theluji na upepo ilitupiga usiku kucha, mwenzangu wa zamu ya asubuhi akashindwa kufika, nikalazimika kubaki. Kwa hiyo nilikuwa kazini, saa ya kumi na tano mfululizo, nikitazama kwenye simu chumba kimoja cha serikali kule Richmond. Mezani palikuwa na bakuli la udongo, jeupe lenye bluu, lililotoka kwenye jumba la sanaa la jimbo. Majina mawili yalichapwa kwenye vikaratasi, vikatiwa kila kimoja kwenye kikopo cha filamu za kamera za zamani, vile tulivyokuwa tukivitumia utotoni kuwekea sarafu. Vikopo vikatumbukizwa, vikachanganywa. Simonds alikuwepo na familia yake, amekaa. Yancey hakuwepo. Mkono ukaingia, kikopo kikatoka, kikafunguliwa, kikaratasi kikanyooshwa. David Yancey. Baraza likabaki kwa Republican, 51 kwa 49.

Mama alikuwa kwenye simu nyingine, nimemuweka spika. Nilimweleza kinachotokea nikidhani atashangaa. Alisema, "Sasa mnashangaa nini? Kura si ndiyo hiyo?" Akanikumbusha kwamba babu zangu walipogawana minazi Pangani walipiga kura kwa vijiti, kirefu na kifupi, na hakuna aliyenung'unika. Ni kweli. Neno letu lenyewe lilianza hivyo: kura ni kile kijiti, ni lile jiwe, ni kile unachochota bila kuona. Kuitumia kwa kuchagua viongozi kumekuja baadaye. Sikuwa na kinyongo na bakuli. Mimi mwenyewe nimeletwa nchi hii na bahati nasibu. Lakini babu zangu walichota vijiti baada ya kila mmoja kusema lake, wakaongea mpaka maneno yakaisha. Sisi bakuli lilitufikia na maneno bado tunayo mfukoni.

Simonds alikubali matokeo siku chache baadaye, na tarehe 10 Januari baraza likafunguliwa.

Kilichofuata Richmond kiliingia mpaka kwenye kabati langu la dawa, nami niseme bila kuficha. Nina presha. Miaka ile mwajiri wangu alinipa saa 28 kwa wiki, zisifike za kumlazimu kunipa bima. Nilikuwa nakata vidonge katikati kwa kisu cha kumenyea viazi, kipande leo, kipande kesho, mwezi uwe miezi miwili. Binti alikuwa na bima ya watoto. Mimi nilikuwa sina. Kwa miaka kadhaa bunge la Virginia lilikuwa likikataa kupanua Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Baada ya uchaguzi wa 2017, upande uliokuwa unakataa ulibaki na viti viwili tu vya ziada, na wengi waliona wapiga kura wamesema. Tarehe 30 Mei 2018 muswada wa bajeti wenye upanuzi huo ulipita, Seneti kura 23 kwa 17, Baraza la Wajumbe 67 kwa 31, baadhi ya Republican wakiungana na wenzao. Ilikadiriwa watu 400,000 wangefaidika. Januari 2019 nilipata barua yenye kadi ndani. Niliweka kile kisu kwenye droo ya viazi kinapostahili.

Ndiyo maana nikisikia mtu wetu anasema uchaguzi wa mwaka huu si wa maana kwa kuwa hauna rais, najisikia kumshika mkono nimpeleke kwenye kabati lile.

Bibi yangu wa kazini ndiye aliyesema nimpeleke binti Fort Monroe. Ni hapo Hampton, mwendo mfupi kwa gari, ufuko ambao zamani uliitwa Point Comfort. Tulikwenda majira ya kuchipua, Jumapili, upepo wa bahari unanikumbusha Raskazone ya kwetu Tanga. Mwishoni mwa Agosti 1619 meli ilitia nanga pale ikiwa na Waafrika ishirini na kitu, watu wa Angola walioporwa kutoka meli ya Wareno. Ndio wa kwanza kuandikwa kwenye kumbukumbu za Virginia ya Waingereza. Wiki chache kabla, tarehe 30 Julai mwaka uleule, kule Jamestown, wajumbe walikuwa wamekaa kikao cha kwanza cha baraza ambalo ukifuata mizizi yake ndilo hili Baraza la Wajumbe. Na mwaka 1662 bunge la koloni likaandika sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake: mama mtumwa, mtoto mtumwa.

Binti alisoma kibao mpaka mwisho akauliza, "Hao wajumbe ni wale wale?"

"Baraza ni lile lile. Watu ndio wamebadilika."

"Nani aliwabadilisha?"

Sikumjibu vizuri siku ile. Nilimnunulia aiskrimu.

Mwaka uliofuata niliomba kazi ya afisa wa kituo cha kupigia kura. Mtu yeyote aliyeandikishwa anaweza kuomba, na wanatafuta sana watu. Ukiwa unaishi Marekani na una uraia, jaribu hata mara moja. Mafunzo ni ya saa chache, na ndani yake nilijifunza jambo ambalo kila mpiga kura alistahili kuambiwa kwa sauti mlangoni: ukikosea karatasi kabla hujaitia kwenye mashine, unairudisha na kupewa nyingine. Hulipi, huulizwi sababu. Ile uliyoiharibu inaandikwa kuwa imeharibika, inawekwa kwenye bahasha yake, inahesabiwa ili karatasi zote zijulikane zilikokwenda. Huenda mtu wa viduara viwili angepewa karatasi mpya kwa dakika moja. Labda hakujua. Labda aliona foleni nyuma yake. Ninaielewa sana hiyo aibu, aibu ya kusimama katikati ya ukumbi ukasema nimekosea, tena kwa lugha isiyo yako.

Jambo jingine ni kuangalia namba ya eneo lako. Kule Fredericksburg, uchaguzi uleule wa 2017, zaidi ya wapiga kura 100 walipewa karatasi za eneo lisilo lao, na mshindi wa eneo la 28 alipita kwa kura 73. Soma juu ya karatasi kabla ya kushika kalamu.

Uchaguzi wa tarehe 5 Novemba 2019 matokeo yake yanajulikana. Mahakama ya shirikisho ilikuwa imeona baadhi ya maeneo yalichorwa kwa kubagua rangi, ramani ikachorwa upya, na eneo letu nalo likaguswa. Simonds na Yancey wakakutana tena, safari hii Simonds akashinda kwa tofauti kubwa. Democratic wakapata viti 55 vya baraza na 21 vya Seneti, na Januari 2020 Eileen Filler-Corn akawa mwanamke wa kwanza kuwa spika wa baraza lile. Mimi siku hiyo nilikuwa nimeapa kutokuwa na upande mpaka mlango ufungwe, na nilikuwa na kazi ya kugawa karatasi.

Tulifika saa kumi na moja alfajiri, giza, tukapanga vituturi. Kama saa nne aliingia mzee wa Kikongo, wa Kivu ya Kusini, na mjukuu wake. Mazoea yakanitoa: "Shikamoo, mzee." Akacheka. "Jambo, mama." Akachukua karatasi, akaenda. Baada ya muda nikamwona amesimama tu, ameinamisha kichwa, kalamu imening'inia vile vile kama yangu. Halafu akaanza kupeleka ncha ya kalamu kwenye kiduara alichokwisha kukijaza, akitaka kukikata.

Sikuruhusiwa kutazama alichoandika, wala sikutazama. Nilimwita mwenzangu wa kituoni tukasogea wote wawili, tukasimama hatua chache. Nikamwambia kwa Kiswahili, na mwenzangu nikamtafsiria neno kwa neno: "Baba, ukikosea unaturudishia hiyo, tunakupa mpya. Si kosa."

Aliikunja isionekane, akaja nayo mezani ameishika kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyorudisha sahani iliyopasuka kwa jirani. Nikamwandikia, nikaitia kwenye bahasha, nikampa nyingine. "Aksanti, mwanangu." Safari hii alikaa kituturini muda mrefu. Nyuma yake watu walisubiri, na hakuna aliyelalamika.

Saa moja usiku tukafunga mlango. Aliye mwisho kwenye foleni alikuwa keshapiga. Mashine ikaanza kutoa utepe, karatasi nyembamba ndefu kama ya risiti za sokoni, ikikunjamana mpaka sakafuni. Mkuu wa kituo akasoma kwa sauti, sisi tukaandika. Alipofika Baraza la Wajumbe nikaandika namba za wagombea, na wenzangu walipoanza kukunja meza mimi nikabaki nimekaa. Nikajumlisha zile namba. Kisha nikatafuta juu kabisa ya utepe idadi ya karatasi zote zilizoingia kwenye mashine siku ile, nikatoa.

Tofauti ilikuwepo. Haikuwa kubwa. Nilizungushia kwa kalamu kwenye karatasi yangu ya hesabu, kiduara kimoja, nikakijaza wino, halafu nikaenda kusaidia kubeba meza.